Vitambaa vya Shangazi Zuena

Sisi tuliokulia Rumonge upande wa ziwani, watu wa rika langu, hatukuhitaji kalenda ili kujua kwamba msimu wa mvua umeingia. Tulimwangalia Shangazi Zuena. Asubuhi baada ya mvua ya kwanza, mabati yakiwa bado yanadondosha maji, alitoka nyumbani kwake na kitambaa cheupe begani, kipande alichokichana kutoka kwenye shuka kuukuu, na sisi watoto tukamfuata kwa kelele hadi chini kwenye mafunjo. Huko alichagua bua moja refu mwanzoni mwa njia, akalifunga kile kitambaa, kisha akatugeukia na kusema maneno yaleyale ya kila mwaka: "Mumeona? Mafunjo iko mu arobaini. Nikikuta mutoto wa mutu humu ndani, nitamupeleka kwa mama yake nimemushika sikio."

Na sikio alilishika kweli. La kwangu analijua vizuri.

Vijana wa leo inabidi niwaeleze mafunjo ni nini, maana wengi wao wameyaona kwenye simu tu. Ni yale majani marefu ya majini, yenye bua la pembe tatu na kichwa cha nywele nywele juu, ambayo kwa Kirundi tunayaita urufunzo. Siku hizo yalianzia pale mto unapoingia ziwani yakaufuata ufuko mbali sana, marefu kumpita mtu mzima, na ukiingia ndani ulisikia baridi hata saa sita mchana. Harufu yake ilikuwa ya tope na majani mabichi. Ndege walikuwa wengi humo kiasi kwamba mwalimu wetu, ambaye shule yake ilikuwa si mbali, alifunga madirisha ya upande ule ili tumsikie akitusomesha Kifaransa.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba, na kazi yake ilikuwa kusuka virago, mikeka ya mafunjo ya kulalia. Mtaa mzima wa Waswahili ulilala juu ya kazi ya mikono yake. Imani yake kuhusu mafunjo ilikuwa nyepesi kueleza. Kwetu mwanamke akijifungua hukaa ndani siku arobaini, hateki maji, hachanji kuni, haguswi na mtu mwenye makelele. Basi Shangazi alisema mvua ikianza mafunjo nayo hujifungua. Ngege, samaki wetu wa ziwani, huingia humo kuzaa na kulea, ndege hutaga, kila kiumbe huwa na watoto. Kwa hiyo tangu mvua ya kwanza, siku arobaini hakuna panga, hakuna kufua nguo, hakuna mtoto kwenda kucheza. Hakuwa na cheo chochote. Hakuna karatasi iliyompa ruhusa ya kutukataza. Lakini wavuvi wazima, wenye ndevu, walikiona kile kitambaa wakaupitisha mtumbwi mbali.

Siku ya arobaini na moja yeye mwenyewe aliingia kwanza, akakata mzigo mmoja, akaupasua, akauanika, akasuka kirago kidogo cha kila mtoto aliyezaliwa mtaani msimu ule. Waliozaliwa kiangazi aliwasukia kwa mabua yaliyokatwa kiangazi. Mtoto alipotolewa nje mara ya kwanza, akitimiza arobaini yake, alilazwa juu ya kirago hicho, wazee wakamwombea dua, nasi tukagawiwa mandazi. Mimi nililazwa juu ya kimoja, na wadogo zangu wote baada yangu. Mama alikitunza changu juu ya kabati mpaka panya walipokimaliza.

Siku nyingine zote mafunjo yalikuwa yetu. Tulikata mabua matano, tukayafunga kwa kamba ya mgomba, tukapata kitu cha kulalia juu ya maji, na huo ndio mtumbwi tuliojifunzia kuogelea. Tulitengeneza magari kwa mabua hayo, na magurudumu yake, na hata dereva wake. Tukichoka tulitafuna moyo wa bua, ule mweupe, ambao kusema kweli hauna utamu wowote, lakini tulishindana kuusifia. Jioni tulirudi nyumbani na miguu ya tope, mama akatusugua kwa sabuni nyeusi ya mawese mpaka ngozi ikawaka, na chakula kikawa ugali wa muhogo na ngege aliyepikwa kwa mawese mekundu, mchuzi ukibaki kwenye vidole mpaka kesho yake darasani. Baba alisema neno moja tu mezani: "Kuleni kimya, samaki iko na mifupa." Mpaka leo nikila samaki nanyamaza.

Kiboko tulimfahamu kwa sauti. Alikuwa na njia yake ndani ya mafunjo, sisi tulikuwa na yetu, na sikumbuki siku tuliyokutana. Siku hizi kiboko anapanda barabarani, anapita mbele ya duka la vocha, anaingia kwenye bustani ya mtu kula mchicha, na vijana badala ya kukimbia wanamgeuzia mgongo ili waonekane pamoja naye kwenye picha. Mmoja aliniambia, "Muzee, viboko ya siku hizi haina adabu." Nilicheka naye. Kisha nilipokuwa peke yangu niliona aibu, kwa sababu najua njia ya yule kiboko ilipokuwa inapita. Ilipita pale nilipojenga choo changu.

Hapa ndipo ninapotaka kufika, na nimechelewa kwa makusudi.

Baba alipofariki aliniachia kipande cha ardhi kule chini. Nusu yake ilikuwa mchanga, nusu ilikuwa mafunjo. Wakati huo nilikuwa fundi mwashi mwenye jina, na mji ulikuwa unafura. Watu walirudi kutoka Tanzania baada ya miaka mingi ya ukimbizi, wengine walishuka kutoka milimani, wengine walikuja kutoka Bujumbura wakitaka nyumba inayotazama maji. Kila mtu alitafuta parseli, yaani kiwanja. Walitafuta haki yao ya kulala mahali, siwalaumu. Lakini mimi nilikuwa tayari na nyumba ya baba mtaani. Nilichotaka ni veranda ya kukaa jioni nikitazama ziwa, ili wateja wangu wanaopita na magari waseme, ile ya fundi Saidi.

Shangazi alikuwa ameanza kuugua magoti. Mteremko wa kwenda ziwani ulikuwa umemshinda, na kazi ya kufunga kitambaa alikuwa amenikabidhi mimi. Kila mwaka, asubuhi ya mvua ya kwanza, nilikwenda kwake, akanipa kitambaa kipya, akasema, "Funga vizuri, fundo mbili." Nami nilifunga, mafundo mawili, na kwa kweli nilijisikia mtu mkubwa.

Mwaka ule nilikifunga kama kawaida. Wiki mbili baadaye mwenye malori mmoja, niliyekuwa nikifanya naye kazi, akaniambia ana kifusi cha bure cha nyumba iliyobomolewa sokoni, ila kinatakiwa kutoka kesho. Fundi anajua kifusi cha bure hakingoji mtu. Nilishuka asubuhi na wafanyakazi wanne wenye mapanga. Kitambaa kilikuwa kinaning'inia pale mwanzoni, kimelowa. Nilikifungua, nikakikunja, nikakitia mfukoni. Siwezi kusema sikujua. Mabua yalipolala chini maji yalionekana, na ndani ya maji vifaranga vya ngege, wengi, wanakimbilia huku na huku wakitafuta kivuli. Mfanyakazi mmoja aliniuliza, "Patron, tungojee kidogo?" Nilimwambia lori haliwezi kungoja. Lori la kwanza likarudi nyuma na kumwaga kifusi juu yao.

Jioni nilikwenda kumsalimia Shangazi, na hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, ambalo naliona kubwa kuliko la kwanza. Aliniuliza, "Arobaini inaenda muzuri?" Nikajibu, "Inaenda, Shangazi."

Neno moja hilo nilililisha miaka kumi na kitu. Kila mvua ya kwanza alinipa kitambaa, nikashuka nacho, nikakificha mfukoni, nikarudi kusema nimefunga. Vitambaa sikuweza kuvitupa. Nilivitia kwenye kopo la maziwa ya unga, kimoja baada ya kingine. Siku arobaini zikiisha alingojea mzigo wake, nami nilikuwa nautafuta kwingine. Kwanza nilikata kule Gatete, ufukweni. Gatete walipolima mpaka kwenye maji nikaenda Magara, kwa mama mmoja aliyekuwa na mafunjo nyuma ya nyumba yake. Nililileta furushi la Magara begani, nikilimwagia maji njiani ili lionekane limekatwa sasa hivi. Shangazi alilipokea, akalinusa mara mbili, akanishukuru kwa Kirundi, "Murakoze, mwana wa kaka yangu." Akasuka.

Nilikaa kwenye veranda yangu. Nakiri ilikuwa nzuri. Majirani walinifuata, kila mmoja na kifusi chake na ukuta wake, na kuta nyingi kati ya hizo nilizijenga mimi. Mahali tulipojifunzia kuogelea pakawa na mageti. Wavuvi walianza kusema ngege wamehama, na mimi niliitikia kwa kichwa nikiwa nimeshika kikombe cha chai.

Kisha ziwa likapanda. Halikuja kwa hasira, lilipanda polepole kama mtu anayejua anakokwenda. Zamani mafunjo yalilivunja wimbi kabla halijafika mchangani. Sasa lilikuta ukuta wa fundi Saidi. Lililamba msingi, likaingia chini ya sakafu, na asubuhi moja ukuta wa nyuma wa chumba changu cha kulala ukaanguka upande wa maji. Tulihama. Niliezua mabati ili nisiyapoteze, nikaacha kuta. Shangazi alisikia kwamba nimerudi nyumba ya baba, akanipa pole, kisha akauliza jambo moja tu: "Na mafunjo?" Nikamwambia yapo, maji yameyapita juu kidogo.

Mwaka huu binti yangu Asha alijifungua mtoto wa kiume, mjukuu wangu wa kwanza. Ilikuwa mwisho wa kiangazi. Shangazi sasa haoni vizuri, lakini vidole vyake bado vinasuka, na alipoletewa habari alisema hataki kusikia lingine: huyu ni mtoto wa ukoo, kirago chake atakisuka yeye mwenyewe kabla hajafa, na mimi babu mtu nilete mafunjo ya kwetu kabla ya mvua.

Nilipanda gari kwenda Magara siku iliyofuata. Nyuma ya nyumba ya yule mama palikuwa na ukuta mrefu uliopakwa rangi ya njano, na ndani yake mahali pa watu kunywa na kucheza muziki. Nilisimama nikautazama ukuta. Niliujua kwa mpangilio wa matofali kwenye kona. Niliujenga mimi, mapema mwaka huu, nikiingilia upande wa barabara, na siku zile sikutaka kujiuliza kilichokuwa chini yake ni nini. Nikaendelea mpaka Muhuta, kwa karibu wiki mbili nikiuliza ufukweni mtu mmoja mmoja. Waliniambia yapo machache mbele, na mbele wakaniambia yapo machache nyuma. Niliporudi Rumonge mvua ya kwanza ilikuwa imeshanyesha, mapema kuliko tulivyozoea. Shangazi alinipa kitambaa kwa mkono wa kushoto na kwa wa kulia akaniomba mabua. Nilimdanganya kwamba yamechelewa kukauka, yanakuja.

Siku ya kumi baada ya mvua nilishuka kwenye gofu langu, ile nyumba niliyoihama. Nilikwenda kutafuta mbao za zamani, au pengine nilikwenda tu kukaa mahali ambapo hakuna mtu wa kuniuliza. Nilifungua mlango wa chumba cha kulala, ule mlango wa mninga niliojivunia. Sakafu ilikuwa imepasuka ikazama, maji yamejaa, na katikati, mahali kilipokuwa kitanda changu, yalikuwa yamesimama mafunjo. Hayakuwa mengi, kama ya mizigo miwili mitatu. Lakini yalikuwa yamenyooka, yana vichwa vyao vya nywele, yanatikisika chini ya mbingu wazi ambako zamani kulikuwa na dari.

Nilifurahi kama mwizi aliyekuta dirisha wazi. Nilikimbia kuazima panga. Nilikata mzigo mmoja haraka haraka, nikasikia maji yakirukaruka kwenye vifundo vya miguu, na sikutazama chini.

Shangazi alikuwa amekaa mlangoni kwake. Niliutua mzigo mbele yake, naye akachukua bua moja, akalipitisha kidole kwenye pembe zake tatu, akalipasua kwa kucha kutoka juu hadi chini bila kukatika. Alilinusa. Uso wake ukafunguka nikamwona kama alivyokuwa nilipokuwa mdogo.

"Hii sasa ni ya kwetu," alisema. "Hii haikatiki."

Nikasema ndiyo, Shangazi.

"Ile ingine, miaka yote ile, ulikuwa unaitoa wapi?"

Aliendelea kupasua bua, taratibu.

"Ile ya kwanza nilisema labda ni jua. Ya pili nikajua. Nikasema, Saidi atakuja kuniambia. Ni mutoto nimemulea, atakuja tu." Aliweka bua chini. "Na vitambaa yangu, ulikuwa unaifunga wapi?"

Mimi ni babu wa mtu. Nina mvi. Nilikwenda nyumbani nikatoa lile kopo chini ya kitanda, nikalileta mikononi, watu wote wanaopita wakiona, nikalimwaga kwenye kanga yake. Kilichokuwa juu kabisa kilikuwa cha mwaka huu, bado kina mkunjo aliouweka mwenyewe. Nilimweleza yote, tangu lori la kwanza. Nilipofika kwa wale vifaranga niliinama kuokota kitambaa kilichodondoka, kisha nikamalizia.

Baadaye aliuliza, "Mvua ya kwanza iko na siku ngapi?"

"Kumi, Shangazi."

Aliusukuma ule mzigo kwa mguu, taratibu, mpaka ukatoka nje ya kizingiti chake. "Basi hii sisuki," alisema. "Umeikata ikiwa mu arobaini. Mara ya pili."

Alipapasa kwenye kanga, akachukua kitambaa kimoja, akaninyooshea. Hakuniambia fundo ngapi.

Nilishuka nacho mchana, watu wakiona. Niliingia kwenye kile chumba, nikafunga kitambaa kwenye bua la kwanza karibu na mlango, mafundo mawili, na safari hii nilitazama chini. Walikuwepo. Vifaranga vya ngege, wadogo kama punje za mtama, wamejibanza kwenye kivuli cha yale mafunjo niliyoyabakiza. Kijana mmoja jirani alichungulia juu ya ukuta na simu yake akaniuliza, "Muzee, hiyo ni dawa ya nini?" Zamani ningemshika sikio. Nilimwambia ni kitambaa cha shangazi yangu, akapiga picha akaenda zake.

Mjukuu wangu alitolewa nje akitimiza arobaini yake. Wazee walikuja, dua ilisomwa, mandazi yaligawiwa. Alilazwa juu ya mkeka wa plastiki wenye picha za maua mekundu, ulionunuliwa sokoni asubuhi ile. Wageni waliusifia kwamba unafutika kwa maji tu. Shangazi alikaa kando yake, mkono juu ya ule mkeka, akiupapasa kana kwamba anatafuta mahali unapoanzia. Mimi sikuweza kukaa upande aliokaa.

Utoto wetu ulikuwa na mwanamke mmoja, kitambaa kimoja, na ziwa zima la samaki nyuma yake, na sisi tulitii kwa sababu tuliogopa kushikwa sikio. Watoto wa sasa wana mageti, kuta na walinzi wenye sare, na nyuma yake hakuna kitu. Huwa nawacheka kwamba hawajui kuogelea, hawajui ngege ana ladha gani akiwa mbichi, hawajui mvua ya kwanza ina maana gani. Nimeacha kuwacheka. Kila nilichokikuta, wao wamekikosa kwa mikono hii yenye alama za saruji.

Zimebaki siku tisa arobaini ya mafunjo iishe. Kila asubuhi nashuka kutazama kama kitambaa kipo, kisha napanda kumwambia Shangazi. Ananisikiliza mpaka mwisho, halafu anamwita Asha, anamwambia naye ashuke akaangalie kama nimesema kweli.